Nilivyomvizia Lohay, Nikakutwa na Kondoo

Nianze na aibu yenyewe, maana Katesh nzima wanaijua na kuificha ni kujisumbua: yule mtu wa koti la mvua ni mimi. Ukipita sokoni ukasikia kina mama wa vitunguu wanaulizana "una chumvi mfukoni?" halafu wanaangua kicheko, wananisema mimi, Petro, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mwenye cheti cha kidato cha nne na mvi za kutosha, ambaye mpaka juzijuzi nilikuwa naamini hakuna mtu wa kunidanganya katika Tanzania hii.

Imani hiyo niliipata kwa kutembea. Nimechimba mawe Mererani, nimelima ufuta Lindi, nimepakia magogo Mufindi, nimelinda ghala la mahindi Sumbawanga, na kila nilipokaa nilikaa mpaka miguu ikaanza kuwasha nikahama (dada yangu Yuliana anasema mama alinizaa akiwa safarini, lakini si kweli, nilizaliwa jikoni). Na kila mahali nilitapeliwa kidogo. Ukishatapeliwa mikoa minne unajifunza jambo moja tu: kitu kikionekana kizuri, zunguka uangalie nyuma yake. Nikarudi nyumbani na elimu hiyo, nikafikia kwa Yuliana pale Katesh, na mtu wa kwanza niliyemwona mzuri kupita kiasi alikuwa Lohay.

Inabidi nimweleze Lohay. Tulisoma naye sekondari Dongobesh, darasa moja, bweni moja, kitanda chake kilikuwa chini ya changu. Enzi hizo mimi nilikuwa naitwa Upepo. Sijisifu, jina walinipa wenyewe, kwa sababu filimbi ikilia nilikuwa naondoka mstarini kama mtu aliyesikia nyumba yake inaungua, na mpaka leo nikinusa maharage yaliyoshika sufuria nauona ule uwanja wetu wenye mteremko, na sisi peku, na ukungu, na mwalimu wa zamu amejifunga sweta kiunoni. Lohay alikuwa mtu wa nyuma. Hakuwa mvivu, ila alikuwa anakimbia kama mtu anayepeleka barua isiyo na haraka. Sisi tumeshamaliza, tumelala kwenye nyasi tunatapika uji, yeye ndiyo anaingia, hahemi, anauliza, "Jamani, mmeniachia maji?"

Sasa narudi baada ya miaka zaidi ya ishirini naambiwa Lohay ndiye bingwa wa mbio ndefu huku kwetu. Lohay yule yule! Mwenye umri wangu, mwenye watoto watano, mkulima wa mahindi na mbaazi pale Jorodom, ambaye nyumba yake ya kwanza ilichukuliwa na lile tope lililoporomoka kutoka mlimani akajenga nyingine kwa mikono yake. Vijana wa miaka ishirini wanamwacha kilomita kumi za kwanza, kumi za pili wanaanza kugeuka kumtazama, kumi za mwisho yeye anawaokota mmoja mmoja kama anachuma maharage. Hakuwa mwepesi kuliko wao, hilo kila mtu alikubali. Ila hakuwa anachoka. Kilomita ya ishirini na nane alikuwa anakanyaga vilevile kama ya tatu, mabega yametulia, mdomo umefungwa.

Mimi nikasema hapana. Binadamu huchoka. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimejaribu mwenyewe wiki ya kwanza niliporudi, niliamka asubuhi nikasema Upepo amerejea, nikatoka mbio mpaka kona ya mashine ya kusaga, na pale kona nikakaa chini nikasubiri mtu wa kunirudisha.

Kwa hiyo nikaanza kuchunguza, na ukichunguza ukiwa umeshakata shauri hukosi kitu. Mbio zetu za kata zinaanzia Katesh, zinashika barabara ya vumbi kuelekea upande wa Hirbadaw, zinazunguka kilima kimoja, kisha zinarudi kumalizia Jorodom. Nyuma ya kile kilima hakuna kituo cha maji wala msimamizi. Nikauliza uliza, nikaambiwa na watu wawili tofauti kwamba Lohay huingia nyuma ya kilima na shati lililolowa jasho na hutoka na shati kavu. Shati kavu! Mwingine akaniambia siku ya mbio zilizopita alisikia pikipiki huko nyuma. Mimi nikaweka shati kavu hapa, pikipiki hapa, nikaviunganisha, nikalala usingizi mzuri.

Ningenyamaza, yote haya yasingetokea. Lakini ilikuja habari ya kambi. Kata ilitaka kufungua kambi ya vijana wa mbio, vijana kumi na wawili wa kuanzia, na kamati ilikuwa inatafuta mlezi wao. Jina lilikuwa moja tu, Lohay, na mwenyewe alikuwa ameshawapa vijana wale nusu ya ua wake wapate mahali pa kufanyia mazoezi. Mimi ulezi sikuutaka (nasema uongo, niliutaka sana, nilikuwa nimeshajiona na filimbi shingoni). Kwenye mkutano, ndani ya darasa la shule ya Jorodom, mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, nikasimama.

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, "mimi simwiti mtu mwizi. Nasema tu kile kilima kina upande wa nyuma."

Lohay alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni. Akanitazama bila hasira.

"Sema tu, Petro. Unafikiri ninafanya nini huko nyuma?"

"Mimi sijui. Anayejua ni shati lako."

Watu wakacheka, na mimi nikafurahi kuchekewa (ndiyo ubaya wangu, nikichekewa naongeza). Nikaongeza pikipiki. Nikaongeza kwamba mtu wa umri wetu haongezi pumzi, anapunguza, na kama watoto wetu watafundishwa na mtu mwenye siri basi watafundishwa siri. Nilipokaa chini nikaona mke wa Lohay, aliyekuwa karibu na mlango, ameinamisha kichwa anavuta uzi wa kitenge chake, na hapo kitu kilinichoma kidogo, lakini nilikuwa nimeshasema.

Katibu wa kamati alikuwa Mwalimu Rehema, mwalimu wa baiolojia, ametokea Tanga, amevaa majaketi mawili kwa baridi yetu. Yeye ndiye aliyekuwa anamsaidia Lohay kuandika muda wake wa mazoezi kwenye daftari. Akasimama.

"Kaka Petro, kama una wasiwasi na nyuma ya kilima, dawa ni rahisi. Chukua kizibao cha msimamizi, Jumamosi kasimame pale pale. Sisi wasimamizi ni wachache, utatusaidia."

Akanyoosha mkono na kile kizibao, cha njano kinachong'aa, kama vya bodaboda.

Jamani, uamuzi mdogo ndio huo. Ningekichukua, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini mimi na elimu yangu ya mikoa minne nikasema, "Mwalimu, panya akimwona paka hagusi unga." Nikakikataa.

Mwenyekiti akafunga kikao kwa kusema hivi: Lohay akimaliza mbio za Jumamosi bila doa, kambi ni yake. Petro akileta ushahidi, jina la Lohay linatoka, na vijana watasubiri mpaka apatikane mtu mwingine. Mwalimu Rehema akakumbusha kanuni, kwamba mkimbiaji akitoka nje ya njia kwa sababu yoyote, ametoka kwenye mbio.

"Nitaleta ushahidi," nikasema mbele ya watu wote. Nilipiga na kifua.

Jumamosi nikaamka mapema nikavaa koti langu la mvua, jeusi, lenye kofia, nililonunua Mufindi. Yuliana akaniona natoka.

"Unaelekea wapi umevaa kama mchawi?"

"Hirbadaw."

"Vizuri. Kuna rafiki yangu huko, mpelekee chumvi hii ya mifugo, nilimwahidi." Akanipa mfuko wa kaki, kama kilo mbili, nikautia mfuko wa koti. Nikapanda bodaboda, nikashukia mbali kidogo watu wasinione, nikazunguka kwa miguu mpaka nyuma ya kilima. Rafiki wa dada nikasema nitampitia baadaye.

Pale nyuma kuna boma moja, la Bibi Paulina, mjane, na kondoo wake wanachunga kwenye mteremko. Nikatafuta kichaka kizuri juu ya njia. Na nilipokaa tu, nikatazama bomani, nikaona nini? Shati. Shati la michezo, kavu, limetundikwa kwenye ua wa miti, na chini yake chupa ndogo yenye kitu cheupe! Nikatoa simu, nikaiweka kurekodi, nikasema kwa sauti ya chini kama mtangazaji, "Hii ni Jumamosi asubuhi, hapa ni nyuma ya kilima, na lile ni shati." Nikasubiri.

Waliotangulia ni vijana, wakapita wanahema. Kimya. Halafu nyuma yangu nikasikia mtu anavuta koti.

Hakuwa mtu. Alikuwa kondoo jike, mnene, ameunusa ule mfuko wa chumvi. Nikamsukuma. Akarudi. Nikamkunjia uso (sijui nilitegemea nini). Akaanza kulia mee, kwa sauti kubwa, na wenzake wakaitika, na mimi nikaona huko chini kabisa kwenye barabara Lohay ndiyo anatokea, na sasa huyu mnyama atanitangaza. Kwa hiyo nikafanya kitu ambacho wakati ule kilionekana kina akili: nikatumbukiza simu mfukoni, nikamkumbatia kondoo shingoni, nikamlaza chini, nikamziba mdomo kwa mkono.

Hapo hapo Bibi Paulina akatokea upande wa juu na fimbo yake.

Tukatazamana. Jiweke mahali pake. Unamkuta mwanaume usiyemjua, ndani ya kichaka chako, kofia mpaka kwenye macho, amemlaza kondoo wako amemziba mdomo, na mfuko wake umechanika kidogo chumvi inamwagika. Kila mtu huku anajua kwamba mwizi wa kondoo huja na chumvi.

Mtu mwenye akili angesimama akavua kofia akasema, "Shikamoo Bibi, samahani, mimi ni Petro, mdogo wake Yuliana wa Katesh." Maneno kumi na moja tu. Mimi nilikimbia.

Na bibi akapiga yowe.

Kwa mgeni wa huku nieleze kidogo. Yowe kwetu si kelele. Yowe likipigwa, mwenye jembe anaacha jembe, mwenye ugali anaacha ugali, anakimbia kwenda linakotoka, na asiyekwenda ataulizwa na wazee alikuwa wapi, na akikosa jibu zuri yeye naye anahesabiwa upande wa mwizi. Nikasikia limepokelewa boma la pili, likapokelewa la tatu, likazunguka kilima kabla mimi sijafika hata kwenye korongo. Wanaume wakaanza kutoka mashambani. Na nyuma yangu, wa kwanza kabisa kunifuata, walikuwa kondoo, watano, wanafuata chumvi inayomwagika kwenye koti. Kwa hiyo kila aliyechungulia kutoka mbali alimwona mtu wa koti jeusi anakimbia na kondoo watano.

Nitasema ukweli, mwanzo nilikimbia vizuri. Hofu ni kocha mzuri wa mita mia nne. Nilivuka korongo, nikapanda upande wa pili, nikawaacha wale wenye majembe mbali kabisa, mpaka nikajisikia fahari ya kijinga, nikasema moyoni Upepo bado yupo, kumbe bado yupo! Kondoo nao wakachoka wakabaki. Nikafika uwanda wenye vishina vya mahindi, na hapo, bila taarifa, miguu ikakata. Sijui niseme kama nini. Ilikuwa kama mtu ameondoa mifupa akaweka uji. Mapaja yanawaka, koo kavu, kichwa kinataka kwenda mbele na magoti yanataka kurudi nyumbani.

Ndipo nikasikia hatua nyuma yangu. Zilikuwa za mtu mmoja. Hazikuwa za haraka, zilikuwa za mpango, pu, pu, pu, kama mama anayetwanga na ana siku nzima. Nikaongeza mwendo, zikabaki vilevile, ila zikawa karibu zaidi. Nikakata kushoto, nazo zikakata. Halafu sauti, ya mtu anayezungumza kawaida kabisa, ikasema:

"Wewe mwenye koti. Simama tu, unaumia bure."

Sikusimama. (Si ujasiri. Miguu haikujua kusimama, ilikuwa inaanguka mbele.)

"Kondoo hata hukumchukua. Simama tuzungumze. Una mke? Watoto wanasoma?"

Mtu anakimbiza mwizi anauliza habari za watoto! Nikageuka nimwone, kofia ikadondoka, mguu ukashika kishina, nikaenda chini kifudifudi nikala vumbi. Nilipofungua macho niliona raba mbili na juu yake Lohay, namba ya mbio kifuani, jasho linamtiririka lakini mdomo umefungwa, anapumua kwa pua.

"Petro?" akasema. "Upepo? Ni wewe?"

Nilikuwa nahema kama ng'ombe mwenye homa ya mapafu.

Wenye majembe wakafika, na fimbo, na hasira, na mmoja alikuwa ameshainua rungu. Lohay akasimama juu yangu, mguu mmoja huku mwingine huku, kama mtu anayelinda mche.

"Taratibu. Huyu namjua, nilisoma naye."

"Hata wezi walisoma na watu!" mmoja akajibu.

"Tena kumbe wamesoma, ndiyo maana wanakuja na chumvi!"

"Alilala kitanda cha juu yangu miaka minne," Lohay akasema, "hajawahi kuniibia hata sabuni. Mnipige mimi kwanza."

Bibi Paulina akafika mwisho, anatembea, anasaidiwa na fimbo. Akamtazama Lohay, si mimi. "Wewe si upo kwenye mbio?"

"Nilikuwepo, shangazi. Nilisikia yowe."

"Wangapi walikuwa mbele yako?"

"Watatu. Nilikuwa nawaona."

Bibi akatikisa kichwa. Yule wa rungu akalishusha, kwa sababu kila mtu alikuwa na habari za kambi. Na mimi nikiwa chini pale na chumvi yangu nikaelewa nilichofanya. Nilikuja kumkamata anatoka njiani, na nikamtoa njiani mimi mwenyewe.

"Shangazi?" nikauliza nilipopata pumzi.

"Ni shangazi yangu," Lohay akasema. "Ananiwekea shati kavu na uji mwepesi kwenye chupa. Mwaka juzi nilishikwa na kifua kwa sababu ya upepo wa huku nyuma."

"Na pikipiki?" (Bado nilikuwa nauliza! Mtu amelala chini anachunguza!)

"Pikipiki ni ya mchukua maziwa yangu," Bibi Paulina akasema. "Anakuja kila siku saa tatu. Kuna lingine?"

Nikajipangusa vumbi la mdomoni.

Wakaamua nipelekwe Jorodom mbele ya kamati, na kondoo yule jike aje kama kielelezo. Tukatembea. Lohay alinishika mkono njia nzima, na sikujua kama ananizuia nisitoroke au nisianguke. Nikamuuliza, kwa sababu lilikuwa linanikereketa, anawezaje. Akanieleza kama anaeleza namna ya kupanda mbaazi.

"Wewe shuleni ulikuwa unafanya mazoezi ya kuanza. Kila mtu asubuhi ana kasi, Petro. Swali ni unabaki na nini miguu ikishachoka. Mimi Jumatano natoka polepole, saa moja na nusu, polepole kabisa mpaka wanawake wenye ndoo wananipita. Halafu nikishachoka, hapo ndipo naanza kazi, nusu saa ya mwisho nakimbia kasi ya mashindano. Siku nyingine napanda mlima na mfuko wa mahindi kidogo mgongoni, miguu ipate nguvu. Na nakunywa uji njiani kabla njaa haijanikuta. Basi."

"Basi?"

"Basi, kwa miaka kumi na moja."

Ilikuwa mbaya kuliko dawa ya kuongeza nguvu. Dawa mtu unaweza kuinunua.

Tulipoingia Jorodom watu walikuwa bado wamejipanga, wakatuona kwa mbali wakadhani ni wakimbiaji wa mwisho, wakaanza kutupigia makofi. Mtangazaji wa spika naye hakuelewa. "Makofi jamani, makofi! Anaingia Lohay, kumbe alipata shida njiani, anasindikizwa na mzee mmoja mwenye koti, hakuna namba, na... na kondoo!" Nikavuka mstari wa mwisho mikono imekamatwa. Dada Yuliana alikuwa pale mbele. Akaangalia koti, akaangalia mfuko, akauliza kitu kimoja tu:

"Chumvi ya watu iko wapi?"

Kamati ikakaa pale pale darasani. Mwenyekiti akasema kanuni ni kanuni, aliyetoka njiani ametoka. Mzee mmoja akasema yowe lina umri mkubwa kuliko kanuni, na mtu anayesikia yowe akaendelea na mbio zake, huyo ndiye hafai kupewa watoto. Mwenyekiti akakubali yowe limemsamehe kutoka njiani, lakini akasema neno nililolisema mimi halijafutika: nani ameona kwamba huyu mtu hupita nyuma ya kilima kwa miguu yake? Nani shahidi? Mke wa Lohay alikuwa palepale mlangoni, na uzi wa kitenge.

Mwalimu Rehema akanitazama. "Kaka Petro, uliahidi ushahidi. Simu yako iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni, imejaa chumvi. Nikaitazama. Ilikuwa bado inarekodi.

Ningeweza kuifuta. Kidole kilikuwa pale pale, na jamani nasema kweli nilifikiria. Halafu nikamwona yule mama na uzi wake. Nikampa Mwalimu Rehema simu, yeye akaiunganisha na spika ndogo ya shule.

Picha ilianza na shati, kisha ikawa giza tupu, ndani ya mfuko. Lakini sauti! Kwanza mimi, najinong'oneza: "Lile ni shati." Darasa likaanza kutikisika. Kisha mee. Kisha mimi namwambia kondoo, "Mama, nyamaza, nakuomba." Sikumbuki kusema hivyo, lakini nilisema, na nilisema "mama". Kisha yowe, kisha miguu yangu, kisha pumzi yangu, mwanzo hu hu hu, baadaye hii hii, baadaye sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe mwenye cheti. Na nyuma yake, pu, pu, pu. Watu waliacha kucheka wakasikiliza. Pumzi yangu inakufa, inafufuka, inakufa, na zile hatua hazibadiliki hata moja, za mtu aliyekwisha kukimbia karibu kilomita ishirini kabla ya kuanza kunikimbiza, mpaka inakuja ile sauti iliyotulia: "Una mke? Watoto wanasoma?"

Mwalimu Rehema akazima. Akafungua daftari lake akasema, "Mimi nimekuwa nampima muda kwenye mteremko mmoja, akiwa hajachoka na akiwa amechoka. Tulipoanza, namba ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mwezi hadi mwezi zimekaribiana. Nilileta daftari niwaonyeshe, lakini naona haina haja tena."

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. "Ndugu mwenyekiti," nikasema, "niliahidi kuleta ushahidi. Ushahidi ni mimi. Huyu mtu hana siri nyuma ya kilima. Nimemwona vizuri kuliko mtu yeyote hapa, nilikuwa mbele yake." Nikamgeukia yule mama mlangoni nikasema samahani, shemeji, na hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko uwanda wa vishina. Akaitikia kwa kichwa. Uzi akauachia.

Kambi akapewa Lohay. Zawadi ya mbio ilikwenda kwa kijana mwingine, na Lohay akampongeza, na mimi nikaona haya mara ya pili.

Sasa miguu yangu inawasha, sikatai, kuna mtu ananiita Kigoma, lakini sijaondoka. Kila Jumatano nipo nyuma ya kilima, vijana wanapita mizunguko yao na Lohay nyuma yao kama mtu mwenye barua. Nimeapa vitu viwili: sitamsema mtu kwa kitu ambacho sijakiona mpaka mwisho wake, na kichaka sitaingia tena, hata kwa haja ndogo. Ninavaa kile kizibao cha njano, ninakaa juu ya jiwe katikati ya mteremko, mifuko nimeigeuza nje. Na kabla sijakaa, ninasimama kwenye ua nikipaza sauti:

"Shikamoo Bibi! Ni mimi Petro! Sina chumvi!"

Naye hujibu kutoka ndani, bila kutoka, kila wiki maneno yale yale:

"Marahaba. Kaa mahali kondoo wakuone."